MGENI ANAPOKUJA NA MSAADA: SOMO LA USAJILI NA WAKFU KUTOKA HISTORIA YETU

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Wiki iliyopita, baada ya swala ya Isha hapa Makambako, walinifuata vijana watatu. Mmoja wao ana kaka yake anayeishi Ulaya. Huko, huyo kaka na Waislamu wenzake wana shirika dogo la kheri, limesajiliwa kwa sheria za nchi ile, na sasa wanataka kuchimba visima na kujenga madrasa katika vijiji vya mkoa wetu wa Njombe. Kijana akaniuliza: "Sheikh, hawa wana nia njema na pesa wanazo. Usajili wa hapa unachukua muda. Kwa nini wasianze kazi kwanza, karatasi zikaja baadaye?"

Nikamwambia: "Mwanangu, nipe siku chache nikujibu kwa kirefu, maana kosa hilo mimi nimeshalifanya."

Leo natimiza ahadi. Someni mpaka mwisho, na mwenye subira atapata faida, inshaAllah.

KISA CHANGU MWENYEWE

Miaka mingi iliyopita, nikiwa imamu kijana katika kijiji kimoja cha mkoa huu, walitujia wageni kutoka nje ya nchi. Watu wema, wanaswali, wana huruma. Walitaka kutujengea madrasa na kisima. Hawakuwa na usajili wowote Tanzania, kwa hiyo hawakuweza kununua kiwanja kwa jina lao. Sisi wa msikitini nasi hatukuwa na wadhamini waliosajiliwa. Ikaonekana njia nyepesi ni kuandika jina la mzee wetu mmoja, mtu muaminifu kabisa. Karatasi ya mauziano ikaandikwa jina lake, na mimi nikatia saini kama shahidi. Niliona nimefanya jambo la kheri.

Madrasa ikajengwa, vyumba viwili. Kisima kikachimbwa. Watoto wakasoma miaka kadhaa. Kisha yule mzee akafariki, Allah amrehemu. Haukupita mwaka, warithi wake wakaja na ile karatasi. Ndugu zangu, sikuwa na la kusema. Waliodai ni watoto wake wa halali, karatasi ina jina la baba yao, na saini ya shahidi ni yangu mimi. Tulipowatafuta wale wageni, namba zao za simu hazikupatikana tena, na hapakuwa na ofisi ya kwenda kuuliza, kwa sababu kisheria hawakuwahi kuwepo hapa. Watoto wa madrasa wakahamia barazani kwa msikiti. Na baridi ya Juni ya Njombe mnaijua.

Siwalaumu warithi, walisoma kilichoandikwa. Nia yetu ilikuwa safi, lakini nia ilibaki vifuani mwetu, na aliyeifahamu zaidi tulikuwa tumeshamzika. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari za mashirika, sheria zake na historia yake. Hayo ndiyo nataka kuwagawia.

KWANZA: SAYYIDNA UMAR NA SHAMBA LA KHAYBAR

Tuanze na wema waliotutangulia. Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) alipata shamba Khaybar, mali aliyoipenda kuliko zote alizowahi kupata. Akaenda kwa Mtume (s.a.w.) kutaka ushauri. Mtume akamuelekeza aizuie asili ya mali, na matunda yake yatolewe sadaka. Umar akaweka masharti: shamba lisiuzwe, lisitolewe zawadi, lisirithiwe. Akataja wanaonufaika, miongoni mwao mafakiri, jamaa, wasafiri na wageni. Akataja msimamizi na kiasi anachoruhusiwa kula kwa wema bila kujilimbikizia. Kisha wasia huo ukaandikwa, na msimamizi akatajwa kwa jina: Hafsa, binti yake, na baada yake mwenye busara katika jamaa zake.

Angalieni mambo manne yaliyomo: mali inajulikana, wanufaika wanajulikana, msimamizi anajulikana, na anayemfuata msimamizi anajulikana. Sisi kwenye ile madrasa yetu tulikuwa na jambo la kwanza tu. Umar, ambaye hakuna Muislamu anayetilia shaka uaminifu wake, aliandika. Sisi tulioko mbali naye kwa daraja, tukaona kuandika ni kuchelewesha kheri.

Na aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika mikataba ya deni na kuweka mashahidi. Mwenye kutafakari atajua kwamba karatasi ni sehemu ya dini yetu.

PILI: MAJIRANI ZETU WAKRISTO NA VITA VIWILI

Mtu asishangae nikitoa mfano kwa majirani zetu. Hikima muumini huichukua popote anapoikuta.

Wamisionari wa Misheni ya Berlin, Wajerumani, walifika upande wa Ziwa Nyasa mwaka 1891, kisha wakapanda kuja Ubena, wakafungua vituo kama Kidugala. Walikuja chini ya kivuli cha serikali ya Kijerumani. Ilipokuja Vita vya Kwanza vya Dunia na Waingereza wakaichukua nchi, wamisionari hao wakawa raia wa taifa adui. Wakaondolewa. Wamisionari wa Kiskoti kutoka Nyasaland wakaja kuangalia vituo walivyoviacha. Wajerumani waliruhusiwa kurudi katika miaka ya 1920, lakini Vita vya Pili vilipoanza mwaka 1939 yakawakuta yale yale. Wakakamatwa kwa mara nyingine, na Walutheri wa Marekani na Sweden wakaingia kushika nafasi yao.

Mara mbili katika muda wa miaka 25, shirika la kigeni likaondolewa hapa kwetu kwa sababu ya ugomvi ambao chanzo chake hakikuwa Ubena. Waumini wa Kidugala hawakumkosea mtu. Lakini mgeni anakaa kwa kibali, na kibali kikiondoka naye anaondoka.

Walijifunza. Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri ya nchi hii yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, KKKT. Kazi iliyoanzishwa na wageni ikawa na mwenyeji mwenye jina, katiba na viongozi wa hapa hapa. Leo Hospitali ya Ilembula, ambayo wengi wetu Waislamu wa Makambako tumetibiwa au tumepeleka wagonjwa wetu, iko chini ya kanisa la wenyeji. Mfadhili mmoja akiondoka, hospitali haiondoki naye.

TATU: EAMWS NA MKUTANO WA IRINGA

Sasa tuje kwetu, na hapa naomba tuzungumze kwa adabu, maana ni jambo lenye maumivu.

Mwaka 1945 ilianzishwa Mombasa jumuiya iliyoitwa East African Muslim Welfare Society, kwa kifupi EAMWS. Aliyesimama mbele katika kuianzisha alikuwa Aga Khan wa tatu, Sultan Muhammad Shah. Kazi yake ilikuwa kujenga misikiti na shule za Waislamu katika Afrika Mashariki nzima: Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Wakati ule watoto wa Kiislamu walikuwa nyuma sana katika elimu ya skuli, kwa hiyo kazi ile ilikuwa na maana kubwa. Mwaka 1961 makao makuu yake yakahamishiwa Dar es Salaam.

Iangalieni kwa jicho la usajili. Ni jumuiya iliyozaliwa nchi moja, ikafanya kazi katika nchi nyingine, ikiwa na mlezi na wafadhili wa nje, na matawi mikoani. Wakati wa mkoloni mipaka ile haikuwa na uzito mkubwa, kwa sababu Mwingereza alitawala kote. Baada ya uhuru kila nchi ikawa na serikali yake, sheria yake na mashaka yake juu ya nani anaongoza nini kutoka wapi.

Sheria iliyokuwepo ilikuwa ile ya vyama ya mwaka 1954, ambayo Mwingereza aliitunga mwaka ule ule TANU ilipozaliwa. Ilimlazimu kila mwenye chama kukisajili, na ilimpa mtawala uwezo wa kukitangaza chama kuwa si halali. Matawi ya TANU yenyewe yalisumbuliwa kwa sheria hiyo. Baada ya uhuru haikufutwa, ilibadilisha mikono tu.

Mwishoni mwa mwaka 1968 ukatokea mgogoro mkubwa ndani ya EAMWS. Matawi ya mikoa kadhaa yakajitoa, na miongoni mwa hoja zilizosemwa ni kwamba jumuiya inaendeshwa na watu wa nje, na Waislamu wa Tanzania wanahitaji chombo chao. Wengine walipinga vikali na kusema kuna mkono wa siasa. Desemba ya mwaka huo ukafanyika mkutano Iringa, mji ambao wakati ule ndio uliokuwa makao makuu ya mkoa wetu, maana Njombe ilikuwa wilaya ya Iringa mpaka mwaka 2012. Hapo likazaliwa Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, BAKWATA. Siku chache baadaye serikali ikatumia ile sheria ya 1954 kuitangaza EAMWS kuwa si jumuiya halali. Mali zake zikaenda BAKWATA.

Nani alikuwa na haki? Masheikh na wanahistoria wamezozana juu ya hilo zaidi ya miaka 50, na sikuja hapa kuwasha moto huo upya. Nawauliza swali jingine. Muumini wa kijiji fulani aliyechanga shilingi yake kujenga skuli ya EAMWS, siku ile alikuwa na sauti gani? Mali iliandikwa kwa jina la jumuiya kubwa. Jumuiya iliposimama, yeye alisimama nayo. Jumuiya ilipotangazwa si halali, yeye aliamka asubuhi akakuta mali aliyoichangia ina mwenyewe mpya, na hakuna aliyemuuliza. Kama kila msikiti na kila skuli ingekuwa wakfu wenye wadhamini wake wa hapo hapo, waliosajiliwa kwa majina yao, basi hata wakubwa wangegombana, hatima ya skuli ingejadiliwa na watu wake.

NNE: WALIPOFUNGIWA WENGINE

Mfano mwingine ni wa karibu zaidi. Agosti 7, 1998 yalilipuliwa majengo ya ubalozi wa Marekani Nairobi na Dar es Salaam. Watu wengi wasio na hatia waliuawa, na dini yetu haikubaliani na uovu ule hata chembe. Mwezi uliofuata serikali ya Kenya ilitangaza kufuta usajili wa mashirika matano ya Kiislamu. Januari 2004, tawi la Tanzania la shirika la Al-Haramain liliwekwa kwenye orodha ya vikwazo ya Umoja wa Mataifa, pamoja na matawi yake ya Kenya, Pakistan na Indonesia.

Mimi si hakimu wa mashirika hayo. Ninachosema ni kwamba shirika la kheri likifungiwa, anayeumia mapema ni yatima aliyekuwa akilipiwa ada na ustadhi aliyekuwa akilipwa posho. Na tangu hapo, kila pesa ya Kiislamu inayovuka mpaka inaangaliwa mara mbili. Mkitaka msitiliwe shaka, fungueni vitabu vyenu kabla hamjaambiwa mvifungue.

Wala hili si la Waislamu peke yao. Mkoa wetu umekuwa ukiongoza kwa maambukizi ya VVU nchini, asilimia 14.8 katika utafiti wa 2011–12, na 12.7 katika ule wa 2022–23. Makambako ni njia panda, barabara ya Songea inakutana na ile ya Dar es Salaam na Mbeya, na reli ya TAZARA inapita. Kwa hiyo mashirika mengi ya afya yamekuja kutusaidia, mengi kwa fedha za Marekani. Januari 2025 rais mpya wa Marekani aliposimamisha misaada ya nje, amri iliyotiwa saini Washington ikatikisa huduma mpaka huku kwetu. Ni mgeni mwingine, zama nyingine, somo lile lile la Kidugala.

TANO: SHERIA YA LEO INASEMAJE

Sasa kijana wangu, hili ndilo jibu la swali lako.

Tanzania Bara ina Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, namba 24 ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2005 na tena 2019. Shirika husajiliwa katika moja ya ngazi nne: wilaya, mkoa, taifa au kimataifa. Shirika la kutoka nje linaingia ngazi ya kimataifa. Cheti cha Ulaya peke yake hakimruhusu mtu kuchimba kisima Wanging'ombe. Lazima kiletwe pamoja na katiba ya shirika kwa Msajili wa Mashirika, aliye chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii. Na Zanzibar ina sheria yake, cheti cha Bara hakitoshi kule.

Sheria hiyo hiyo inalitaka shirika la kimataifa lisaidie kukuza uwezo wa mashirika ya wenyeji, na lisilete ushindani na mfarakano kati yao. Kanuni za mwaka 2018 zikaongeza uwazi wa fedha: anayepokea zaidi ya shilingi milioni 20 anatakiwa kutangaza hadharani amepata nini na ametumiaje, na mikataba ya ufadhili ipelekwe kwa Msajili. Wapo wanaolalamika kwamba masharti haya ni mazito kwa mashirika madogo, na malalamiko yao yana ukweli. Lakini kwa sisi tunaokula amana za watu, kutangaza hesabu kulikuwa wajibu kabla ya kanuni.

Jambo lililonimaliza mimi ni ardhi. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, asiye raia hamiliki ardhi Tanzania isipokuwa kwa njia ya uwekezaji kwa utaratibu maalumu. Kwa hiyo mgeni wa kheri, hata awe na cheti safi, kiwanja cha madrasa kitahitaji jina la mwenyeji. Hapo ndipo watu huandika jina la mzee mmoja, kama tulivyofanya sisi.

Dawa yake ipo. Msikiti au taasisi iwe na bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA. Bodi ni mtu wa kisheria: mdhamini mmoja akifa, bodi haifi, na mali hairithiwi na watoto wake. Ndugu zangu, hayo si mageni. Ni masharti ya Sayyidna Umar yale yale, ila safari hii yana muhuri wa serikali.

SITA: TUFANYE NINI

Kwa wale ndugu wa Ulaya na wanaowakaribisha, nawashauri hivi.

1. Msianze na kisima. Anzeni na ofisa maendeleo ya jamii wa halmashauri, awaeleze hatua za usajili na fomu zake. Ni haki yenu kuulizia, wala msipite kwa dalali.

2. Kama shirika ni dogo na mradi ni mmoja au miwili, angalieni kama inatosha kufadhili taasisi ya wenyeji iliyokwisha kusajiliwa, kwa mkataba wa maandishi. Si lazima kila mwenye ndoo moja ajisajili kuwa shirika la kimataifa.

3. Anayekuja kufanya kazi aje na kibali cha kazi na kibali cha ukaazi. Viza ya matembezi si ya kujengea madrasa.

4. Ardhi iandikwe kwa jina la bodi ya wadhamini. Asiandikwe sheikh, mfadhili wala mzee wa heshima. Nami msiniandike.

5. Kwenye mkataba wa kisima andikeni nani atabadilisha pampu ikiharibika, na pesa itatoka wapi mgeni akishaondoka. Na maji yawe ya wote, Muislamu na asiye Muislamu, maana kiu haina dini.

6. Mapato na matumizi yabandikwe ukutani msikitini kila baada ya miezi mitatu. Asiyetaka yabandikwe, msimpe dhamana.

Kijana mwingine aliniambia: "Sheikh, haya yote yatachukua hata mwaka." Nikamjibu kwamba madrasa yetu ilijengwa kwa miezi minne, na ikapotea kwa siku moja ya baraza la ardhi. Waliokuwa watoto barazani pale leo ni watu wazima, wengine wananisoma hapa. Nawaomba msamaha hadharani. Saini ile ilikuwa yangu.

Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nasi wenyeji tuna wajibu wetu: tumpokee mgeni kwa sheria, ili wema wake usimgeuke yeye wala sisi. Kisima chenye wadhamini waliosajiliwa kitaendelea kumpelekea thawabu aliyekichimba, hata akiwa amekwisha kusahau njia ya kuja Njombe.

Ewe Mola wetu, zikubali sadaka za waja wako walio karibu na walio mbali. Tujaalie uaminifu katika amana, na utusamehe tulipoandika vibaya na tulipoacha kuandika. Warehemu wazee wetu waliotangulia. Amin.

Kama msikiti wenu hauna bodi ya wadhamini, anzeni Ijumaa hii: kaeni kikao, andikeni muhtasari. Na ukiona ujumbe huu una faida, mfikishie ndugu yako aliye nje ya nchi.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.